Shamba la Butimba na hesabu ya sehemu nane

Jina la Butimba likitajwa mbali na Mwanza, wengi huwaza gereza. Walimu, wao, hukumbuka chuo cha ualimu ambacho kimewalea walimu wengi wa michezo, muziki na sanaa. Ni wachache mno wanaosema: Butimba, kule kwenye mashamba. Nasi tumezaliwa na kukulia katika mashamba hayo, na hadi leo tunakula kutoka humo, ingawa kila mwaka tunalazimika kuyatafuta kwa macho kati ya nyumba na nyumba.

Ndugu msomaji, anayetoka katikati ya jiji kwa barabara ya Shinyanga huipita Igogo na Mkuyuni, kisha huingia Butimba kabla ya kufika kituo cha mabasi cha Nyegezi. Vilima vyake ni vya mawe makubwa yaliyopandana, kama ilivyo Mwanza yote, na watu wamejenga hadi katikati ya mawe hayo, nyumba nyingine zikiwa zimeegemea mwamba kama mtu aliyechoka. Upande wa magharibi ardhi hushuka taratibu kuelekea ziwani. Wasukuma wana jina kwa kila udongo wa mteremko huo: ule wa mchanga ulio juu, chini ya miamba, huitwa luseni, na ule mweusi mzito wa bondeni huitwa mbuga. Shamba letu lina vyote viwili. Luseni hupokea mihogo na viazi vitamu. Bondeni, kando ya kijito, tuna majaruba machache ya mpunga na vitalu vya mboga. Jumla yake ni ekari moja na nusu, kwa kipimo cha watu wetu cha hatua 70 kwa hatua 70 kuwa ekari moja.

Siku ya shamba huanza baada ya swala ya Alfajiri. Kabla jua halijachomoza, akina mama wa sokoni huwa wamekwisha kufika na matenga yao, wakitusalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka", na kuinama moja kwa moja juu ya mchicha. Wao hawahitaji mizani. Hushika fungu mkononi na kujua. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne, na kwa hiyo ndio unaolipa mahitaji ya kila siku: sabuni, mafuta ya taa zamani, umeme sasa, nauli ya watoto. Matembele na bamia hulipa yanayofuata. Mpunga ni wa kula nyumbani. Viazi vitamu vikizidi, mama yetu huvikata na kuvianika juu ya mwamba viwe michembe, au huvichemsha kwanza kisha akavianika viwe matobolwa. Mwamba ule wa nyuma ya nyumba hauna bei katika hati yoyote, lakini umetulisha miezi mingi ya njaa.

Usiku, kutoka ukingo wa shamba, tunaona ziwa likiwaka. Ni taa za wavuvi wa dagaa, mamia kwa mamia, hata mgeni hudhani kuna mji mwingine ng'ambo. Mwezi unapokuwa mpevu taa hizo hutoweka, kwa kuwa dagaa hawafuati taa wakati anga lote lina mwanga. Hivyo mvuvi naye, awe Mwislamu au asiwe, anaishi kwa kuhesabu mwezi. Sisi tumezoea kuona kwamba usiku wa giza unaotangulia mwandamo ndio usiku ambao ziwa lina taa nyingi kuliko zote.

Ziwa lenyewe ni jirani mkubwa asiyeulizwa. Sehemu kubwa ya maji yake hutokana na mvua inayonyesha juu yake lenyewe, na kwa hiyo mvua zikizidi, hupanda, zikipungua, hurudi. Wazee wetu walisimulia mvua za mwishoni mwa mwaka 1961, zilizokuja pamoja na Uhuru, na jinsi maji yalivyoendelea kupanda hadi mwaka 1964 yakafika mahali ambapo hakuna aliyewahi kuyaona. Tulidhani ni masimulizi ya wazee. Mwaka 2020 ziwa likapanda tena, likaipita alama ile ya 1964, na mwaka 2024 likapanda zaidi. Majaruba yetu mawili ya chini kabisa yakawa sehemu ya ziwa, na kambale wakapita mahali ambapo mpunga ulikuwa umesimama. Maji yaliporudi yaliacha tope zuri, lakini yaliacha pia funzo: mpaka wa chini wa shamba hauwekwi na mwenye shamba.

Sheria ya nchi inasema jambo linalokaribiana na hilo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Marehemu baba yetu hakuwa mtu wa kusoma sheria, lakini eneo hilo aliliacha likae na nyasi na matete, akisema kwamba kitu ambacho ziwa linakikopa kila baada ya miaka kadhaa si vizuri mtu kukiandikia wasia. Tunapotaja ekari moja na nusu, hatuyahesabu matete hayo.

Mpaka wa juu, kwa upande wake, unasukumwa na mji. Wilaya mbili za jiji la Mwanza, Nyamagana na Ilemela, kwa sensa ya mwaka 2022 zina watu zaidi ya milioni moja, na watu hao wanahitaji mahali pa kulala. Zaidi ya hayo, Butimba imepata chanzo kipya cha maji, mtambo mkubwa uliojengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, kuongezea kile cha zamani cha Capri Point. Ni neema. Wanawake waliokuwa wakipanda mlima na ndoo kichwani wanaijua zaidi kuliko tunavyoweza kuieleza. Lakini penye maji, barabara na umeme, ardhi hubadilika jina: haiitwi tena shamba, huitwa viwanja. Madalali hupita kila Jumamosi. Husimama barabarani, hutazama mihogo yetu, na tunawaona wakihesabu hatua.

Baba alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, swali la viwanja liliingia ndani ya nyumba. Tulimaliza mazishi, mama akakaa eda yake ya miezi minne na siku kumi, na katika muda huo hakuna aliyethubutu kuzungumzia ardhi mbele yake. Baada ya eda tulilipa madeni. Kulikuwa na deni la pampu ya kumwagilia, tukauza ng'ombe mmoja tukalimaliza, maana maiti hatangulizwi na urithi bali na deni. Wasia hakuacha. Ndipo wazee wa ukoo wakaja kutoka Misungwi, wakaketi chini ya mwembe.

Tunataka msomaji awaelewe wazee hao, kwa sababu si watu wa tamaa, na hakuna hata mmoja wao aliyejiombea hatua moja. Hoja yao ilikuwa kwamba ardhi ni ya ukoo. Binti akiolewa, ardhi humfuata mume na kuhamia kwenye ukoo mwingine, na wajukuu wakitafuta kaburi la babu yao watalikuta ndani ya ua wa mtu baki. Walipendekeza shamba ligawanywe kwa watoto wawili wa kiume, na mabinti watatu wapewe ruhusa ya kulima wakihitaji. Hoja hiyo haikuzuliwa chini ya mwembe wetu. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandika karibu maneno hayo hayo: mwanamke aweza kuitumia ardhi ya ukoo, lakini asiiuze.

Hata hivyo, hapa hapa Mwanza, mwaka 1990, Mahakama Kuu mbele ya Jaji Mwalusanya ilisikiliza kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Bibi Holaria, mwanamke mzee wa upande wa Kagera, alirithishwa ardhi na baba yake kwa wasia. Uzee ulipomkuta bila mtu wa kumtunza, aliiuza kwa shilingi 300,000, na mpwa wake akaenda mahakamani kudai kwamba mwanamke hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama iliamua kwamba Katiba haikubali ubaguzi huo na kwamba bibi yule ana haki sawa na mwanamume. Kaka yetu mkubwa aliwasimulia wazee habari hiyo kwa upole. Walisikiliza. Mmoja akauliza kama bibi yule alikuwa na kaka. Kimya kikapita, kwa sababu sote tulielewa uzito wa swali lake: laiti kaka angekuwepo na kumtunza, pengine asingeuza.

Kilichomaliza majadiliano hakikuwa kesi. Sisi ni Waislamu, na baba yetu aliishi na kufa katika Uislamu, na jambo hili limekwisha kuamuliwa katika Surat An-Nisaa: wanaume wana fungu katika walichoacha wazazi, na wanawake wana fungu, kiwe kidogo au kingi. Imamu wetu alichukua daftari la shule la mmoja wa watoto na kalamu ya risasi. Marehemu ameacha mke, wana wawili na mabinti watatu. Wazazi wake walimtangulia. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, anapata thumuni. Zinabaki sehemu saba katika nane. Mwana wa kiume anahesabiwa mara mbili ya binti: wana wawili ni sehemu nne, mabinti watatu ni sehemu tatu, jumla saba. Basi mama anapata moja, kila mwana mbili, kila binti moja, na nane imekamilika bila sehemu kubaki wala kukatwa. Wazee waliinama juu ya daftari. Baba mdogo, aliyekuwa mkali kuliko wote, alihesabu tena kwa vidole vyake, akafika nane, akanyamaza.

Tulipeleka muhtasari wa kikao cha familia katika Mahakama ya Mwanzo, kaka mkubwa akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, na mwenyekiti wa mtaa akashuhudia upimaji. Sehemu moja katika nane ya ekari moja na nusu ni takriban hatua 30 kwa hatua 30. Tulizipima kwa miguu. Ukisimama pembe moja unaweza kuzungumza na aliye pembe nyingine bila kupaza sauti. Hapo ndipo swali la pili lilipozaliwa, gumu kuliko la kwanza: haki imegawanywa, je, shamba bado lipo? Hatua 30 kwa 30 ni kiwanja cha nyumba na choo chake. Madalali walijua hivyo kabla yetu.

Wakati tukiwa katika swali hilo ndipo tulipofunga safari ya Ukara. Baba alikuwa na rafiki mvuvi aliyetoka kisiwa hicho, na mara nyingi alimwambia kwamba kwao mtu mwenye ekari moja na nusu hualikwa kwenye harusi kama tajiri. Tulidhani ni mzaha wa watani. Baada ya Idd tukasema twende tukaone.

Meli kutoka Mwanza hadi Nansio, makao makuu ya Ukerewe, huchukua takriban saa tatu. Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria, na ukishuka Nansio unakutana na mihogo, machungwa na baiskeli. Kutoka hapo tulipanda gari hadi Bugolora, na Bugolora tukavuka kwa kivuko kwenda Bwisya, Ukara. Mkondo huo ndio ambapo MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, ikiwa imebeba watu kuliko uwezo wake, mita chache tu kabla ya kugusa gati. Walikufa watu zaidi ya 220. Sisi wa Mwanza tulikuwa tayari na jeraha la MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996, na makaburi yake ya Igoma. Ndani ya kivuko abiria waliacha kuzungumza tulipokaribia ng'ambo; mama mmoja alikuwa akisoma dua kwa sauti ndogo, na baadhi yetu tukaitikia amina. Huko Bwisya wamezikwa baadhi ya waliofariki. Tulisimama makaburini, tukawaombea Waislamu waliomo maghufira na wafiwa wote subira, kisha tukaendelea na safari.

Ukara ni kisiwa cha mawe kama Butimba, na udongo wake mwingi ni wa mchanga kama luseni yetu. Wataalamu wa kilimo wamekuwa wakikiandika tangu enzi za ukoloni, kwa sababu watu wake, bila kufundishwa na afisa yeyote, walikuwa wakilima ardhi ile ile mwaka hadi mwaka bila kuipumzisha. Siri yao ni kazi. Ng'ombe hawaachwi kuzurura. Hufungwa ndani, katika zizi lililochimbwa kwenda chini, wakakatiwa nyasi na majani, na samadi ikajaa humo mpaka inapotolewa kwa vikapu kupelekwa shambani. Katikati ya uwele hupandwa mmea wa jamii ya kunde, ndugu wa ule ambao mabwana shamba wetu huuita marejea, si wa kula bali wa kufukiwa uirutubishe ardhi. Zamu ya njugu mawe nayo hufika. Miteremko imewekewa kingo za mawe. Miti ina wenyewe, mti mmoja mmoja, hata kama umesimama katika shamba la mtu mwingine, na majani yake yana hesabu.

Mzee mmoja alitupokea uani kwake. Ng'ombe wake walikuwa wawili, wamefungwa, wanene. Tulimweleza habari ya sehemu zetu nane. Alicheka, akatuonyesha kipande cha uwele kisichozidi ukubwa wa msikiti mdogo, akasema hicho kiligawanywa na babu yake, kikagawanywa na baba yake, na yeye atakigawanya. Tukamwuliza: sasa mnaishije? Akajibu kwamba wanaogawana ardhi hawana budi kuikubali kazi, na kwamba ardhi ndogo haiui mtu. Kinachoua ni ardhi isiyopelekewa kitu. Kisha, kwa uaminifu ambao tulimshukuru kwao, akaongeza upande wa pili: watoto wake watatu wako bara, Geita na Sengerema, kwa sababu kisiwa hakiwezi kumshibisha kila anayezaliwa humo. Kazi huongeza ardhi, alisema, lakini haiongezi bila kikomo.

Hatukurudi na muujiza. Tulirudi na mbegu za marejea katika mfuko wa plastiki na azma ya kutomwachia ng'ombe wetu aliyebaki kuzurura.

Swali halikusubiri mbegu ziote. Mwaka 2025 mdogo wetu wa kiume, ambaye anaishi mjini kwa kazi ya ufundi, alituita akasema mtoto wake amepata nafasi ya chuo na ada hana. Mnunuzi amepatikana, yuko tayari kulipa fedha taslimu kwa sehemu zake mbili, na anataka kujenga nyumba za kupangisha katikati kabisa ya shamba. Hakuna aliyemlaumu. Sehemu ni yake. Haki ya mtu haigeuki dhambi kwa sababu inatuumiza. Lakini imamu alitukumbusha haki nyingine ambayo Waislamu wengi wameisahau, nayo ni shufaa: mshirika katika ardhi isiyotenganishwa mipaka, mwenzake akitaka kuuza, yeye hutangulizwa kabla ya mtu wa nje, kwa bei ile ile. Sisi tulikuwa tumegawana kwa hesabu na kwa karatasi, lakini tulikuwa bado hatujasimika mipaka ardhini. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Tatizo lilikuwa fedha, na sisi tulio Butimba hatukuwa nazo.

Alikuwa amebaki dada yetu wa Sengerema. Tulikwenda kwake wawili, kwa gari dogo la abiria, tukapita Nyegezi, Buhongwa na Usagara. Mbele ya njia panda ya Usagara, upande wa Misungwi, kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, ambacho tangu miaka ya 1930 kimekuwa kikizalisha mbegu za pamba. Herufi UK katika majina ya mbegu hizo ni za Ukiriguru, si za Uingereza kama tulivyodhani utotoni tulipoona mifuko ya babu. Sisi tulikunja kulia kuelekea Kigongo. Zamani hapo safari ilikuwa ikisimama. Magari yalipanga foleni ya kivuko, watu wakanunua mahindi ya kuchoma na kusubiri, na mgonjwa naye akasubiri. Sasa kuna daraja la kilomita tatu juu ya ghuba, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025 na Rais Samia Suluhu Hassan. Tulivuka kwa dakika chache. Abiria mmoja aliyekuwa akivuka kwa mara ya kwanza alitoa simu apige picha, na kabla hajaifungua tulikuwa Busisi.

Dada yetu anafanya biashara ya dagaa wakavu. Hununua mwaloni, huanika, hupakia magunia kwenda Shinyanga na Tabora. Alitusikiliza akiwa amesimama juani akigeuza dagaa kwa fimbo ya mianzi. Hakuuliza bei. Aliuliza: "Mama anasemaje?" Tukamwambia mama amesema lolote mtakaloamua, lakini anaomba kisima kisiwe ndani ya ua wa mtu. Akageuza dagaa mpaka mwisho wa mkeka. Kisha akasema atanunua yeye. Nusu ya bei angetoa mara moja, nusu iliyobaki kwa misimu mitatu ya dagaa, ikiandikwa na kushuhudiwa, kama Qur'ani ilivyoagiza watu waandike deni. Mdogo wetu alikubali kumsubiri dada yake, na ada ya kwanza ya mtoto ikalipwa. Mnunuzi wa nje hakufurahi, naye tunamwelewa.

Hesabu ya daftari, basi, imebadilika. Mama ana moja. Kaka mkubwa ana mbili. Dada wawili wa Butimba wana moja moja. Dada wa Sengerema, ambaye wazee walitaka apewe ruhusa ya kulima akihitaji, ana tatu katika nane, kuliko mtu yeyote katika familia. Mdogo wetu hana sehemu, lakini mtoto wake yupo darasani, na akija siku ya mavuno anabeba mchele kama wote.

Tumeamua tulime pamoja na tugawane mavuno kwa hesabu ile ya nane. Mipaka tumeiandika kwenye ramani ndogo iliyo kwa msimamizi, na katika pembe nne za nje tumepanda minyaa, lakini ndani hatukuweka ua. Marejea ilifukiwa msimu uliopita chini ya mihogo. Bado ni mapema kusema imefanya nini. Ng'ombe anakula zizini, na watoto wanalalamika kukata majani. Mpunga wetu haukaribii nisabu ya wasaki tano, ambayo wanazuoni wengi huikadiria kuwa kilo 653 hivi, kwa hiyo zaka haitulazimu. Hata hivyo mama hutoa debe moja kwa jirani mjane, kama baba alivyofanya, na debe hilo hutolewa kabla mchele haujagawanywa, ili kila mmoja wetu awe amelitoa.

Familia nyingi zinazosoma ukurasa huu zina shamba la namna yetu, Butimba au kwingineko, lililobanwa kati ya mji na maji. Tulichojifunza ni kidogo, nacho tunakitoa kama kilivyo. Lipeni deni la marehemu kabla ya kutazama ardhi yake. Andikeni majina ya mabinti wakati wazee wenye kupinga bado wapo hai, kwa sababu mzee akiona hesabu inakamilika huweza kunyamaza, lakini watoto wake hawatanyamaza. Na anayehitaji kuuza, asionewe haya. Aulizwe kwanza nani wa damu yake anaweza kununua, hata kama mtu huyo yuko ng'ambo ya ghuba na mikono yake inanuka dagaa.

Vuli hii baba mdogo wa Misungwi, yule aliyehesabu kwa vidole, alitaka kupanda viazi vitamu upande wa luseni, juu karibu na mwamba. Alimwuliza kaka mkubwa. Kaka akamwambia hapo si pake. Mzee akaomba namba ya simu, akapiga Sengerema mbele yetu, akamsalimia mpwa wake kwa heshima zote za asubuhi, akamwomba ruhusa. Amepewa misimu miwili.